KUDHEIHA: Chama cha wapishi, walinzi na makarani wa shule, na mzigo wa waajiri maelfu

MWALIMU wa shule ya umma nchini Kenya ana mwajiri mmoja. Awe anafunza Lodwar, Lamu au Lungalunga, mshahara wake hutoka katika Tume ya Huduma za Walimu, TSC, na vyama vyake vinapotaka nyongeza hujua ni mlango gani wa kubisha. Mpishi anayemwandalia mwalimu huyo chai ya saa nne hana bahati hiyo. Yeye huajiriwa na bodi ya shule moja, hulipwa kutokana na pesa za shule hiyo, na akihitilafiana na mwajiri wake, ugomvi huo hauvuki ua wa shule.

Hali hii ndiyo iliyoumba kazi ya chama kinachowatetea wafanyakazi hao, yaani KUDHEIHA. Ni vigumu kukielewa chama hiki, ushindi wake na udhaifu wake, bila kuzingatia kwamba kinakabiliana na waajiri maelfu, kila mmoja akiwa na hazina yake, hoja zake na visingizio vyake.

Wanachama wake ni kina nani?

Wafanyakazi wa shule wasio walimu ni kundi pana. Wamo wapishi, walinzi, matroni wa mabweni, makarani, wahasibu, watunza maktaba, wasaidizi wa maabara, madereva, mafundi, watunza bustani na wale wanaosafisha madarasa na vyoo. Katika shule ya bweni wao ndio huanza siku kabla ya kengele ya kwanza na kuimaliza baada ya taa za mabweni kuzimwa. Katika shule ya msingi ya kutwa huenda wakawa wawili tu: mlinzi wa usiku na mpishi wa chakula cha mchana.

Jina la chama ni refu kwa sababu shughuli zake ni nyingi. KUDHEIHA huwaunganisha wafanyakazi wa majumbani, wa hoteli, wa taasisi za elimu, wa hospitali na wa kazi zinazofanana na hizo. Mizizi yake imo katika harakati za watumishi wa nyumbani na wa hoteli katika miaka ya 1950, wakati wa ukoloni. Ni mwanachama wa Muungano wa Vyama vya Wafanyakazi, COTU, ulioundwa 1965. Katika miaka ya 2010, kikiongozwa na katibu mkuu Albert Njeru, chama kilisikika sana katika kampeni ya kutetea watumishi wa nyumbani, baada ya Shirika la Kazi Duniani kupitisha Mkataba nambari 189 kuhusu wafanyakazi hao mnamo Juni 2011.

Hivyo basi, mpishi wa shule hukaa chini ya paa moja na yaya wa mtaani, mhudumu wa hoteli ya Mombasa na msafishaji wa hospitali. Wapo wanaoona hilo kuwa nguvu, kwa kuwa wengi hawapuuzwi. Wapo pia wanaohofia kwamba sauti ya shule humezwa na makundi mengine. Walimu, kwa upande wao, walipata vyama vyao wenyewe: KNUT iliyoasisiwa 1957 na KUPPET iliyosajiliwa 1998.

Mwajiri ni nani?

Kwa miaka mingi chini ya Sheria ya Elimu ya 1968, shule za sekondari ziliongozwa na bodi za magavana na shule za msingi na kamati za shule. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilileta bodi za usimamizi, na kifungu cha 59 cha sheria hiyo kinazikabidhi bodi hizo jukumu la kuwatafuta, kuwaajiri na kuwalipa wafanyakazi wasio walimu kadiri shule inavyowahitaji.

Maneno hayo machache yana uzito mkubwa. Yanamaanisha kwamba Wizara ya Elimu hutoa mwongozo na kupeleka pesa, ilhali katika mahakama anayeitwa mwajiri ni bodi. Yanamaanisha pia kwamba walinzi wawili wa shule jirani, wanaolinda usiku mmoja na kunyeshewa na mvua moja, wanaweza kuwa na mishahara, likizo na marupurupu tofauti kabisa.

Ipo sababu ya mpangilio huo. Bodi iliyo karibu na shule hujua mahitaji yake, huweza kuajiri wenyeji, na haihitaji kusubiri kibali cha Nairobi ili kupata mpishi. Lakini bodi haiwezi kutoza kodi. Hutegemea mgao wa serikali na karo ya wazazi, na mambo hayo mawili yakikwama, anayekosa kwanza ni mfanyakazi asiye mwalimu.

Pesa hutoka wapi?

Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza 2003, serikali ilitenga Sh1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, Sh650 ziliingia katika akaunti ya vitabu na vifaa vya kufunzia, na Sh370 katika akaunti ya matumizi ya jumla. Ni hizo Sh370 zilizotarajiwa kulipa mlinzi na wafanyakazi wengine, kukarabati madarasa, na kugharimia maji na umeme.

Hesabu yake si ngumu. Shule yenye wanafunzi 400 ilipata Sh148,000 kwa mwaka katika akaunti hiyo ya pili, yaani takriban Sh12,300 kwa mwezi. Lau pesa zote zingegawiwa wafanyakazi wawili, kila mmoja angepata kama Sh6,150, na shule isingebakisha hata ya kununua balbu. Haikuwa ajabu kwamba shule nyingi ziliendelea kuwaomba wazazi mchango wa kumlipa mlinzi, ingawa elimu ilitangazwa kuwa ya bure.

Katika shule za sekondari za kutwa, ufadhili wa serikali ulianza 2008 kwa Sh10,265 kwa kila mwanafunzi na ukafikia Sh22,244 mwaka 2018. Sehemu ya mgao huo hutengewa mishahara ya wafanyakazi wasio walimu. Hata hivyo, hugawanywa kwa idadi ya wanafunzi, si kwa idadi ya kazi. Shule changa yenye wanafunzi 120 huhitaji lango lilindwe usiku kucha sawa na shule yenye 1,200, lakini mgao wake ni sehemu moja tu kwa kumi.

Kwa upande mwingine, kima cha chini cha mshahara hakitazami idadi ya wanafunzi. Agizo la 2022, lililoongeza mishahara hiyo kwa asilimia 12, lilimweka kibarua wa kawaida jijini Nairobi katika Sh15,201.65 kwa mwezi, bila kuhesabu marupurupu ya nyumba. Nyongeza nyingine ya asilimia 6 ilianza kutumika Novemba 2024. Shule ndogo hujikuta kati ya sheria inayosema mlipe kiasi hiki na akaunti inayosema hakipo.

Chama huingiaje shuleni?

Njia imewekwa na Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, na ina hatua zake.

Kwanza ni uanachama. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kushiriki shughuli zake. Anayejiunga hutia saini Fomu S, inayomwagiza mwajiri akate ada ya uanachama kutoka kwa mshahara na kuipeleka kwa chama. Mwajiri akishakabidhiwa fomu hizo ana siku 30 za kuanza makato.

Pili ni kutambuliwa. Chama kikipata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama katika taasisi husika, mwajiri hana budi kukitambua na kutia saini mkataba wa utambuzi. Hapa ndipo wingi wa waajiri unapouma. Katika shule yenye wafanyakazi 18 chama kinahitaji saini 10. Wakipatikana 9, kazi yote ni bure, na huenda mmoja wao akaachishwa kabla ya wa kumi kupatikana. Kisha safari hiyo huanza upya katika shule inayofuata.

Mwajiri akikataa, mzozo hupelekwa kwa upatanishi wa Wizara ya Leba. Ukishindikana, chama huenda katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, iliyochukua nafasi ya ile ya Viwanda baada ya Katiba ya 2010. Kumbukumbu za mahakama hiyo zimejaa kesi za KUDHEIHA dhidi ya bodi za shule: ada ambazo hazikukatwa, utambuzi ulionyimwa, wafanyakazi waliofutwa bila kusikizwa.

Tatu ni mkataba wa pamoja, ule unaojulikana zaidi kama CBA. Huu hueleza mishahara, marupurupu ya nyumba, likizo, saa za kazi, sare, matibabu na malipo ya kustaafu. Ukishasajiliwa mahakamani huwa na nguvu za sheria, na huwafunga wafanyakazi wote wanaostahili kuwa wanachama katika taasisi hiyo, hata wale ambao hawakujiunga. Ndiyo maana sheria inaruhusu wasiojiunga nao wakatwe ada ya uwakilishi, kwa kuwa wanakula matunda ya mti ambao hawakuupanda.

Mfano wa vyuo vikuu

Anayedhani kwamba hakuna njia nyingine na atazame vyuo vikuu vya umma. Huko, KUDHEIHA huwakilisha wafanyakazi wa ngazi za chini, wakati chama cha KUSU kikiwatetea wengine wasiofunza na UASU ikiwatetea wahadhiri. Kila chuo ni mwajiri kivyake, kama ilivyo kila shule. Hata hivyo mabaraza ya vyuo hivyo yaliunda jukwaa la pamoja la mazungumzo, na mikataba kama ule wa 2017 hadi 2021 ilijadiliwa katika meza hiyo kwa niaba ya vyuo vyote.

Mikataba hiyo haijakosa matatizo. Mara kwa mara vyama vimegoma kwa sababu yaliyotiwa saini hayakulipwa kwa wakati. Lakini angalau huwa kuna mkataba mmoja wa kudaiwa, na mtu mmoja wa kuulizwa. Walimu nao walipotia saini mkataba wa Oktoba 2016 na TSC, wa gharama ya Sh54 bilioni, makubaliano hayo yaligusa kila shule ya umma nchini kwa siku moja. Mpishi wa shule hajawahi kuwa na siku kama hiyo.

Haki zilizopo hata bila mkataba

Si kweli kwamba shule isiyo na mkataba wa pamoja ni shule isiyo na sheria. Sheria ya Ajira ya 2007 inamlinda kila mfanyakazi, na sehemu kubwa ya kazi ya maafisa wa chama ni kuwaeleza wafanyakazi na walimu wakuu yaliyomo.

Mfanyakazi ana haki ya likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi kwa malipo. Mama anayejifungua ana miezi mitatu na baba wiki mbili, kwa mshahara kamili. Kazi ya miezi mitatu au zaidi inahitaji mkataba ulioandikwa. Na mtu anayetuhumiwa kosa, kwa mfano mpishi anayedaiwa kuiba maharagwe ya ghala, hawezi kufutwa kabla ya kuelezwa tuhuma hizo kwa lugha anayoielewa na kusikizwa mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama mahali pa kazi.

Kifungu kilichowafaa wengi zaidi ni cha 37, kuhusu vibarua. Kuna wafanyakazi wa shule walioitwa vibarua kwa miaka mingi, wakilipwa kwa siku na kurudishwa nyumbani shule zinapofungwa. Sheria inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja kwa jumla, au anayefanya kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kumalizika katika miezi mitatu, huhesabiwa kuwa ameajiriwa kwa mshahara wa mwezi. Kupikia shule si kazi ya kumalizika. Wanafunzi watakula Januari, na mwaka mwingine watakula tena.

Ipo pia Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo. Mpishi anayeunguzwa na maji ya sufuria kubwa, au mlinzi anayejeruhiwa na wezi, ana haki ya fidia kutoka kwa mwajiri, ambaye analazimika kuwa na bima. Akifa kutokana na ajali ya kazini, sheria inawapa wanaomtegemea fidia ya mshahara wa miezi 96.

Somo la mwaka wa 2020

Tofauti kati ya mwalimu na mfanyakazi mwenzake haikuwahi kuonekana wazi kama wakati wa janga la corona. Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020. Wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirejea Oktoba 12, na waliosalia Januari 4, 2021.

Katika muda huo wote, walimu wa TSC waliendelea kupokea mishahara. Lakini shule hazikuwa na karo ya kukusanya, na bodi nyingi ziliwapa wafanyakazi wao likizo bila malipo, zikawapunguzia mshahara au zikawaachisha. Walinzi wengi walitakiwa kubaki, kwa kuwa madawati na kompyuta hazikwenda likizo. Wengine walilinda kwa miezi bila kujua watalipwa lini.

Sheria ya Ajira, katika kifungu cha 40, inataka mfanyakazi anayepunguzwa apewe notisi ya mwezi mmoja pamoja na fidia ya mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliofanya kazi, na chama chake kiarifiwe ikiwa ni mwanachama. Penye chama kilichotambuliwa palikuwa na mtu wa kuuliza maswali hayo. Pasipo na chama, barua moja ya mwalimu mkuu ilitosha, na pengine hata barua haikuandikwa.

Usiku wa mabweni

Suala hili si la mishahara tu. Mnamo Machi 2001, wanafunzi 67 waliangamia kwa moto katika bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos. Septemba 2024, watoto 21 walikufa kufuatia moto katika Shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Kati ya mikasa hiyo miwili, Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama wa shule wa 2008, unaotaka milango ya mabweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na vyuma vya kuzuia watu kutoka.

Mwongozo huo hauwezi kujitekeleza. Saa nane za usiku, mwalimu mkuu akiwa amelala, anayeshika ufunguo ni matroni na anayezunguka na kurunzi ni mlinzi. Je, wamefunzwa kutumia kizima-moto? Je, mlinzi ni mmoja kwa mabweni sita? Je, amelinda usiku saba mfululizo bila kupumzika? Hayo ni mambo ambayo huandikwa katika mikataba ya kazi. Mzazi anayemkabidhi mwanawe kwa shule ya bweni ana sababu ya kutaka kujua mlinzi wa shule hiyo analipwa nini na analala lini.

Kauli za bodi na mipaka ya mgomo

Walimu wakuu wana kilio chao pia. Wanasema mgao wa serikali huchelewa na hufika kwa mafungu, kwamba wazazi hawalipi karo kwa wakati, na kwamba chama hutia saini mikataba mizuri ambayo shule haina uwezo wa kuitekeleza. Wanasema tena kwamba mkataba ukizidi mfuko, bodi hulazimika kupunguza watu, na hapo anayeumia ni yule yule aliyetetewa. Hoja hizi si za kupuuzwa. Lakini haziwezi kujibiwa na mlinzi. Zinapaswa kujibiwa na wanaopanga bajeti ya elimu.

Mgomo nao ni silaha yenye makali mafupi. Sheria inaruhusu kugoma baada ya upatanishi kushindwa na notisi ya siku saba kutolewa, na anayeshiriki mgomo halali hawezi kufutwa kwa sababu hiyo. Hata hivyo, wapishi 12 wakigoma katika shule moja, habari hizo hazifiki mbali. Wanafunzi watapikiwa na vibarua, na wagomaji wataonekana kuwa maadui wa watoto. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kila shule kwa sasa ni kidole kimoja.

Ndiyo maana mjadala wa maana kuhusu wafanyakazi hawa si nani katibu wa tawi wala ada ni kiasi gani, bali ni nani akae upande wa pili wa meza. Mabaraza ya vyuo vikuu yameonyesha kwamba waajiri wengi wanaweza kuzungumza kwa sauti moja bila kila mmoja kupoteza mamlaka yake. Bodi za shule zingeweza kufanya hivyo, hata kama ni kwa kaunti, na mgao wa mishahara ukapimwa kwa kazi zilizopo badala ya vichwa vya wanafunzi pekee.

Hadi hapo, mfanyakazi wa shule anayetaka kujilinda ana mambo machache ya kufanya leo. Adai mkataba wake kwa maandishi na abaki na nakala. Atunze hati za malipo, kwa kuwa mahakamani ndizo zitakazomsemea. Akiwa kibarua, aandike tarehe aliyoanza kazi na siku alizofanya. Akiumia kazini, aripoti mara moja. Na akiingia katika chama, ahakikishe kwamba ada inayokatwa imeonyeshwa katika hati yake ya mshahara, na aulize inakwenda wapi. Chama ambacho wanachama wake hawakiulizi maswali hakiwezi kuuliza waajiri maswali magumu.